Kiinua Mgongo

Kiinua mgongo kilipoingia benki
Kihwelo hakusema neno siku tatu.
Ya nne akaniamsha: "Tuuze Noah."

Noah yetu, na hema lake chini ya kiti cha nyuma,
iliyotufikisha Mikumi, Amani, na Matema mara moja,
tukilala chini kama maskauti
mpaka magoti yakaanza kulia kabla ya zipu.
Usiku ule wa Kilosa mvua iliingia hemani kwa adabu,
kwanza miguuni, kisha mgongoni.
Nikamwambia: mimi nimestaafu kufundisha,
na matope nayo nimestaafu.

Ndiyo maana uani kwetu Ukonga limesimama basi.
Basi zima, la dizeli, matairi sita,
lililobeba watu na kuku wa Singida miaka kumi na tisa
kabla halijapigwa mnada.
Rangi mpya haikuficha yote:
jua la asubuhi likilipiga ubavuni
bado unasoma MUNGU NI MW
na herufi zilizobaki zimeliwa na dirisha la jikoni.

Fundi Shemndolwa wa Gerezani aling'oa viti hamsini na kimoja.
Chini yake: shanga, tiketi, jino la mtoto,
sarafu zisizonunua tena hata pipi.
Nimeviweka kwenye kopo la maziwa.
Mwalimu haachi kuokota vya watu.

Sasa kuna kitanda juu ya ekseli,
jiko la gesi, sola ya Kariakoo,
na choo ambacho wifi yangu alikikagua,
akatoka, akacheka hadi akakaa kwenye ngazi.
Sekela akapiga simu kutoka Dodoma:
"Wenzenu wanajenga fremu za kupangisha!"
Baba yake akajibu, "Hii nayo fremu. Ina matairi tu."

Hakucheka pale sheli ya Gongo la Mboto.
Kijana aliuliza, "Nijaze?"
nasi, kwa ushamba wetu, tukasema jaza.
Namba zikakimbia kama watoto kengele ya mwisho ikilia.
Kihwelo akageuka kutazama matangazo ya oili.

Dereva ni mimi. Hilo hatukulipanga.
Miaka thelathini na mbili aliendesha kreni bandarini,
akitua makontena kama anayelaza kichanga;
mwezi wa pili baada ya kuaga
daktari akamwambia jicho la kushoto lina ukungu,
na la kulia linalifuata.
Nikaenda Mabibo, nikakaa darasani na vijana.
Mkufunzi aliniita mama, halafu mwalimu,
wiki ya tatu akapiga kelele: "Tusekile, breki!"
Breki za upepo. Zinasonya kama mtu aliyechoka na wewe.
Huzikanyagi; unaziomba, mapema.

Usiku wa kwanza tulilala hapo hapo uani.
Saa nane nikateremka kwenda chooni,
peku kwenye saruji baridi, mkono tayari kwenye kitasa,
ndipo nikakumbuka: funguo wanazo wapangaji.
Ukuta huu niliupaka chokaa mwenyewe
mwaka nilipokuwa na mimba ya Sekela.
Nikauegemea kidogo.
Dirisha likafunguka juu yangu. "Umepotea?"
"Nyamaza, utaamsha watu."

Saa kumi kasoro nikawasha injini. Watu wakaamka.
Mama Swaumu akatokea getini na tochi:
"Jamani, ndiyo mnahama?"
Kihwelo alimjibu kitu, mdomo niliuona ukicheza,
dizeli ikameza maneno.

Tazara. Mandela. Ubungo taa zinatusubiri.
Nikaziomba breki, nadhani kwa kuchelewa,
kifuniko cha sufuria kikaanguka huko nyuma kabisa
kikaviringika kuja mbele, kikaja, kikaja.
Nyumba yangu haijawahi kuwa ndefu hivi.

"Nyekundu," akasema Kihwelo,
uso karibu ugusane na kioo.

"Naiona, baba."