Ndoo ya Krismasi

Epifania imepita. Ndanda, saa nne asubuhi,
mvinje wa sebuleni umekauka;
ukiugusa tu, unamwaga sindano sakafuni.

Walburga anaanza na taa.
Hazifumbatwi kiganjani, zitanuna hadi Desemba.
Anazizungushia kwenye gunzi, pole pole,
kama alivyokuwa akifanya Ansgari.
Mipira ya kioo inaingia kwenye soksi
zilizopoteza wenzi wao.
Pamba, ile theluji ambayo hapa hakuna aliyewahi kuikanyaga,
anaichambua vijiti; itarudi kwenye mto.
Mtoto Yesu wa mpingo anapakwa tone la mafuta.
Yeye ni wa mwisho, juu ya wote,
ng'ombe wasije wakamlalia.

Boksi la zamani halifai tena.
Mchwa wamelima barabara chini yake
mpaka miguuni pa Mamajusi.
Mwaka huu ni ndoo ya lita ishirini,
mfuniko wa kubana, naftalini mbili,
na mkaa ndani ya kitambaa
unywe unyevu wa masika.

Boksi liende jikoni, likawashie moto.
Analikunja. Ubavuni, kwa rangi ya buluu:
VIOO. TARATIBU.
USIPANDE DARINI MWENYEWE, NIITE.

Anachukua kisu. Anaukata ubavu ule tu,
anaulaza ndani ya ndoo,
anabana mfuniko,
anaegemeza ngazi ukutani.

"Ansgari!" anaita, kwa sauti ya siku zote.

Anasubiri kidogo.
Halafu anapanda.