Deni la Mvuke

Mfuniko wa sufuria la shule yetu pale Pasua
una uzito wa mtoto wa darasa la kwanza.
Mama aliuinua kwa mkono mmoja, mwezi wa saba,
huku akimgombeza muuza kuni,
na makande yakampumulia mara moja tu, kifundoni.

"Maji ya moto yamenirukia miaka kumi na minne,
hayajaniuma hivi. Hiki ni nini, Ndeshi?
Chenyewe hata sikukiona."

Nilikuwa kidato cha tatu. Jibu lilikuwa kwenye daftari;
niliona aibu kulitoa mbele ya malengelenge.

Nalitoa leo, limechelewa.

Kipimajoto, mama, kingekudanganya:
maji yachemkayo, mia; mvuke wake, mia.
Lakini mvuke umekopa.
Alfajiri nzima kila tone lilikula moto wa mkaratusi
bila kuongeza hata nyuzi moja,
likameza mara tano na ushei
ya joto linaloyatoa maji ubaridi wa barafu hadi kuchemka,
likalifunga kama noti kwenye pindo la kanga,
ndipo likawaaga wenzake, likapaa.

Dawa ya deni ni kulipa.
Na mvuke haulipi mpaka urudi kuwa maji,
wala haurudi mpaka ugonge kilichopoa.
Jikoni mle, asubuhi ile, kilichopoa kilikuwa wewe.
Ukalipwa taslimu deni usilolidai.

Na kweli, hukuuona.
Mji wetu ni Moshi, na ule weupe juu ya sufuria
nao tunauita moshi.
Weupe ule ni matone tayari, yameshalipa, yamechoka.
Mdaiwa mwenyewe yuko chini yake, upana wa vidole viwili,
pale tunapoapa kwamba hapana kitu.

Siku hizi mama hufungulia mfuniko upande wa ukutani.
Kovu lake linang'aa kama ganda la kitunguu.
Ukuta unatokwa jasho, rangi inabambuka,
mwalimu mkuu analalamikia rangi.

Jana ukungu ulishuka hadi stendi, mlima haupo.
Nilizunguka nyuma ya jiko
nikawakuta watoto tisa wa chekechea,
migongo kwenye ukuta ule ule,
mikono ya sweta imevutwa hadi kufunika vidole,
kimya, kila mmoja na nafasi yake.
Wa mwisho akasogea kidogo,
akaniachia yangu.