Ngamia wa Kipushi

Umeme ulikatika saa moja, hapa Katuba.
Mwenya akaendelea kunisomea kwa tochi ya simu,
kesho ana mtihani wa historia.
"Temujini, baba. Wanasema jina lake lina chuma ndani.
Na Temuri, yule mchechemeaji, yeye ni chuma kitupu."

Nikacheka. Chuma!
Sisi watu wa shaba, mama. Chuma kilitufikia kikiwa reli.

Akasoma miji: Merv, Baghdadi, Isfahani,
minara ya mafuvu nje ya malango,
mto uliogeuka mweusi kwa wino wa vitabu.
Dirishani, mlima wa masalio ya tanuru
ulikuwa mweusi kuliko usiku wenyewe,
na kando yake lile bomba refu, halina moshi.
Hatukuwahi kuuita mnara.

"Alipokufa walimzika pasipojulikana.
Farasi wakapitishwa juu, mara elfu, hadi nyasi zikasahau.
Mwalimu Kapend anataka tuandike 'inasemekana'."

Andika, basi. Inasemekana.
Nkambo wako Kalaba alishuka shimoni Kipushi, zamu ya usiku,
na karatasi ya kampuni ikaleta namba yake na neno moja: hayupo.
Farasi hawakuhitajika.
Malori yalitosha.

"Bado, baba, kuna hii:
inasemekana walichinja mtoto wa ngamia juu ya kaburi la khani,
mama yake akitazama.
Mwaka wa pili, walipotaka kutambika,
wakamfungulia yule mama atangulie.
Aliposimama akalia, wakajua ni hapo.
Ngamia alipokufa,
kaburi nalo likapotea."

Tochi ikafifia. Akaizima, kutunza betri.

Nilimkumbuka mama yangu kwenye basi la Kipushi,
kikapu cha mihogo magotini, mdomo haufungwi:
bei ya unga, mume wa jirani, padri mpya na kikohozi chake.
Kisha tukifika kwenye kona fulani
anakatika katikati ya neno,
anashika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili,
mpaka tupite.
Miaka yote ile. Mimi nilidhani ni mashimo ya barabara.

Tulimzika mwezi wa tatu, mvua ikinyesha.

Nikamwambia Mwenya, gizani, vilevile nilivyokumbuka.
Akanyamaza kidogo, nikasikia kalamu ikitafutwa mezani.

"Kona ipi, baba?"