Usiuze Hii

Saa tisa za usiku, Oktoba, nyanda za Kujawy,
kadi ya saba imezima.
Haikulipuka, haikutoa moshi;
imekata kauli tu, kama shahidi aliyechoka kuulizwa.

Nje ya dirisha viazi-sukari vimerundikwa
kimo cha ghorofa mbili, na kila saa inayopita
vinajila utamu vyenyewe.
Meneja Wieńczysław, hana usingizi wala subira,
ananiuliza: kipuri kiko wapi?
Nimjibu nini? Kiwanda kilichoitengeneza kadi hii
siku hizi ni ukumbi wa watoto kuteleza kwenye barafu.
Kidhibiti chetu kilifungwa hapa mwaka aliozaliwa binti yangu,
na binti yangu ameanza kuvaa miwani ya kusomea.

Kulipokucha nikashika simu.
Muuzaji wa Rotterdam: anayo, kwa bei ya gari,
na katika picha aliyonitumia pini zimeota kutu.
Wa Plovdiv: anayo. Nikamwomba asome namba ya mgongoni.
Kimya. Kisha: "Kesho itakuwepo."
Wa Gdańsk alicheka, akakata.
Wa nne alitaka nimuuzie yangu, hiyo hiyo mbovu.

Ndipo Zenobia wa stoo, asiyesahau deni wala jina,
akasema: yule Mcheki wa Ostrava, Kopřiva,
aliyekuwa akiokota vyuma vya akili walipobomoa viwanda.
Amekufa, nikasema.
Amekufa yeye, akajibu. Vitu vyake havijazikwa.

Kilomita mia nne. Mvua mpaka mpakani.

Mjane alifungua mlango akiwa na unga mikononi.
Hakuniuliza jina; aliuliza namba.
Nikaitaja, tarakimu kumi na moja na herufi ya mwisho,
naye akairudia polepole,
kama anayekumbuka mpangaji wa zamani.

Chini ya nyumba, kati ya chupa za matango ya siki
na viazi vilivyochipua vidole vyeupe,
rafu tatu. Kila kadi imevikwa gazeti,
kila gazeti lina mwandiko: mwaka, kiwanda, ugonjwa.
Gazeti la kadi yangu lilikuwa na maneno mawili tu,
yamepigiwa mstari hadi karatasi ikachanika:
Usiuze hii.

Tukasimama. Balbu moja kati yetu.
"Itafanya kazi," akauliza, "au inakwenda kukaa kwenye rafu nyingine?"
Nikamweleza habari za viazi.
Akajifuta unga kwenye aproni, akanikabidhi.
Bei hakutaja. Alitaka jambo moja, nikaahidi.

Tumefunzwa kuwa akiba haiozi.
Aliyetufunza hakuwahi kufungua kapasita ya zama zile:
nje inang'aa, ndani imekauka koo.
Akiba ya marehemu ilikuwa imeoza mahali patatu,
vidude vya bei ya mkate.
Nikaving'oa kwenye meza ya Zenobia, nikalehemu vipya,
mikono ikitetemeka kwa kahawa,
na harufu ya siki imegoma kutoka kwenye kadi.

Pini arobaini na nane. Nikasukuma mpaka ikasema tak.
Nyekundu.
Nyekundu. Zenobia akashika mkono wa kiti.
Nyekundu.
Kijani.
Rilei zikaanza kugonga, moja, halafu mbili,
halafu zote, kama bisi kikaangoni.
Meneja alikwisha toka, anawapigia wakubwa kuwaambia amefaulu.

Kadi iliyokufa nimeivika lile gazeti. Nani angeinunua?

Kisha nikapiga Ostrava, kama nilivyoahidi.
Nikaisogeza simu kwenye kabati, mlango wazi,
nikaishikilia hapo hadi mkono ukafa ganzi.
Bi Kopřivová hakusema neno.
Nilisikia tu, nyuma ya pumzi zake,
birika likichemka, likichemka,
na mtu asiyekwenda kuliepua.