Nane ya Nzuguni

Leseni yangu ilitangulia kufa,
kimya kimya, ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Hesabu,
nilipokuwa Mundemu namuuguza mama.
Nilipoifunua ilikuwa na miaka sita kaburini,
na pichani mwanamke mwenye nywele nyeusi
akanitazama kama ananidai.

Kijana wa dirishani akabofya, akabofya tena.
"Mama, mfumo haukutambui. Utaanza upya."

Upya.

Mfumo haunitambui. Korongo la Chikopelo linanitambua,
linanijua kwa jina, Damari Chisumo, bibi mifugo,
Yamaha ya mradi, sanduku la barafu nyuma
limekazwa kwa kipande cha tyubu,
ndani chanjo ya kideri isiyosubiri jua.
Mchanga wa kahawia hubeba, mweupe humeza:
hilo sikulisoma popote, nililianguka.
Mwanangu wa pili aliijua pikipiki ile
kabla hajaijua sura yangu.

Wanasema jogoo wa shamba hawiki mjini.
Majogoo wa shamba nimewachanja mimi,
tone moja, jicho moja, Bahi nzima,
na waliwika popote walipouzwa.

Basi nikavaa kizibao cha njano,
mgongoni MWANAFUNZI kwa herufi za kupaza sauti.
Vijana kumi na mmoja, na mimi.
Mwalimu Nyemo, ndevu zake bado zinahesabika,
akaniinamia kwa upole: "Bibi, hii inaitwa klachi."
Nikasema asante mwanangu.
Siku ya tatu waya wa klachi ulikatika.
Nikaomba koleo.
Tangu hapo wakaniita Fundi.

Mtihani ni Nzuguni, nyuma ya mabanda ya maonesho,
mabango yamepauka, milango imefungwa kwa waya.
Hapa niliwahi kumsimamisha fahali wa Mvumi
akatafuna utepe kabla mgeni rasmi hajaukata.
Uwanja wa Nanenane! Na mimi naombwa
nane moja tu, ya chokaa, koni sita,
upepo wa Dodoma ukiziangusha kabla yangu.

Duara la kwanza nikalikata kama ugali.
Kwenye kiungo, pale nane inapojivuka,
gurudumu likateleza kidogo, kidogo kama kope,
na mguu wa kushoto ukatoka wenyewe,
ukagusa ardhi, ukarudi.

"Mguu chini," akasema trafiki. "Umefeli. Anayefuata."

Mguu huu?
Siku ile Bubu uliposhuka na maji ya mvua ya watu wengine,
nikiwa katikati ya mchanga,
mguu huu haukuniuliza.
Ulichomekwa chini kama nguzo ya boma,
ukashika mpaka nikatoka na chanjo zote.
Ndio gurudumu langu la tatu.
Sasa unaandikiwa kosa.

Usiku ule, Ipagala, nikamwaga majivu uani,
nikaitembea nane peku,
mikono mbele, nimeshika usukani wa hewa.
Kuku wakatoka kutazama.
Nikauambia mguu: hujakosea, bwana.
Umeitwa tu mahali pasipo na mto.
Tulia. Dakika moja. Nitakulipa.

Wiki iliyofuata ulitulia.
Trafiki hakunipa hongera, alinipa tiki,
kalamu ikamwishia wino katikati, akaitikisa, akamalizia.
Nyemo alipiga kofi moja, akajikumbuka, akaacha.

Kadi bado inachapwa, kwa hiyo nilirudi kwa boda,
abiria, mikono magotini, nimenyamaza kama mgeni.
Kwenye ule mchanga karibu na kwangu
kijana akavuta breki ya mbele,
nyuma ikacheza,
na mguu wangu ukatua chini kabla ya wake.

"Bibi, unaogopa?"

Nilimlipa elfu mbili.
Nikavua kiatu getini,
nikakung'uta mchanga.
Ulikuwa mweupe.