Sentimita Thelathini na Moja

Nankafu aliniletea imefungwa katika kipande cha kitenge,
nzito kama jiwe la mizani,
shaba yake imegeuka rangi ya chai iliyolala.
Mimi ni fundi wa saa, nikamwambia,
hapa Kadutu nafungua vitu vidogo kuliko hiki.
Akasema: wewe una macho. Niambie ni nini,
na kama bado ni nzima.

Nilisugua ukingo kwa dawa ya meno na fulana kuukuu.
Jina limelika. Zimebaki herufi tatu, nukta,
na namba 4417,
kama mtu anayekumbuka mlango akasahau mtaa.

Usiku SNEL walipokata umeme
nikawasha mshumaa, nikauinua mbele ya kioo,
nikahesabu miali iliyorudi.
Mwali mkali. Mwali mkali. Kati yao mmoja hafifu,
rangi ya moshi, kidogo niuruke.
Penye ule hafifu ndipo vioo viwili vimegandishwa kwa utomvu,
hewa haipiti.
Nikaigeuza. Nyuma vilevile: mkali, hafifu, mkali.
Basi ni mapacha, wametazamana ndani ya bomba moja,
na katikati pana mwanya
wa kupitishia kibati chenye tundu.
Kibati hakipo.
Nilikata kingine kwenye kopo la sardini,
nikalainisha tundu kwa msasa, likabaki linanuka samaki.

Asubuhi tuliziba dirisha kwa blanketi,
tukaacha nafasi ya lenzi tu.
Murhula wangu akashika karatasi nyeupe,
akasogea, akarudi, akasogea.
Papa, hapa!
Na pale ilikuwepo Ruanda, kichwa chini:
ziwa juu, vilima vya ng'ambo vikining'inia kama popo,
bati la nyumba moja linameta,
na lori, dogo kuliko chawa,
linapanda mlima kwa kushuka.
Nikapima kwa utepe wa cherehani. Thelathini na moja.
Katikati ungeweza kuhesabu madirisha;
pembeni mambo yalilegea kama uji.
Nikachomeka kibati: chumba kikaingia giza,
pembe zikakaza.

Ndipo Nankafu, aliyekaa kitandani kimya, akasema:
marehemu akitaka uso peke yake
alikuwa anafungua nusu ya mbele, anaweka mfukoni.
Sikuamini. Nikaifungua hata hivyo.
Picha ikafa, ikawa maziwa.
Rudi nyuma, nikamwambia mtoto. Rudi. Rudi tena.
Alipita meza, akapita ndoo ya maji,
mgongo wake ukagusa ukuta,
na nyumba ile ya bati ikarudi, mara mbili ya ukubwa wake,
laini, yenye ukungu,
lakini ni ile.

Kwa hiyo nusu moja inaona?
Inaona, mama. Inataka nafasi tu. Na jua jingi.

Alichukua utepe mkononi mwangu
akapima mwenyewe, kutoka dirishani hadi kwenye karatasi,
kama anayenunua kitambaa kwa mchuuzi asiyemwamini.
Sitini na mbili na kidogo.
Nami nikiwa na ile nusu nyingine kiganjani
nikatambua sikuitia alama.
Ya mbele ni ipi? nikauliza.
Hakujibu. Alikuwa anatazama ukuta.
Usitikise mkono, akamwambia Murhula,
shikilia hivyo hivyo
mpaka lile lori lifike.