Kilimbili cha Wanis

Alichanjwa jina akiwa na miaka sita,
siku ya mtakatifu, nje ya ukuta wa monasteri,
na mtu mwenye kofia ya sufu na sindano
iliyonguruma kwa betri ya gari.
Bibi yake, Demiana, alimbana magotini.
"Tulia. Yeye alitulia, na yake ilikuwa misumari."
Mtoto akalia hivyo hivyo.
Msalaba ukatoka na damu kidogo, wa buluu,
si mkubwa kuliko nzi,
kwenye kilimbili cha mkono wa kulia.
Baba akanunua miwa, wakatafuna njiani.
"Sasa hata ukipotea soko la Minya," akasema,
"watajua pa kukurudisha."

Mkono ukakua, msalaba ukakua nao,
ukatanuka, ukafifia pembeni
kama barua iliyolowa jasho mfukoni.
Akarithi duka: dengu, mchele, bizari,
mizani ya shaba na mawe yake ya chuma,
na ile hila ya baba ambayo nyumbani
hakuna aliyewahi kuiita hila:
kidole gumba ukingoni mwa sahani,
kimepumzika tu. Kimechoka tu.
Gramu ishirini.
Nani amefilisika kwa gramu ishirini?

Sisi kwa lugha yetu jina hili ni rahisi kulitunga:
chukua Kristo, tanguliza M.
M ya mtu. Ya mwana, ukipenda; ya mtumwa, ya mgeni.
Lakini M haichagui.
Ni mlango ule ule anaopitia mwizi,
na Yeye kwa hiari yake
amekubali kukaa nyuma ya mlango huo.

Ilikuwa Jumanne, katikati ya Kwaresima,
dengu zinapokwenda kama maji.
Akaja Bi Nafisa, mjane wa seremala, wa mtaa wa msikitini.
Alikuwa amepita maduka matatu ya watu wa dini yake.
"Kilo mbili, na usinitajie bei.
Mimi nanunua kwako kwa sababu ya hicho,"
akaelekeza kidevu kwenye kilimbili.
"Marehemu alikuwa akisema, wenye alama ile
wana Mtu anayeitazama mikono yao."

Dengu zilikuwa zinamiminika.
Kidole kilikuwa mahali pake.

Wanis hakuona malaika. Aliona ukucha wake,
mweusi pembeni kwa vumbi la bizari,
na juu yake, shibiri haifiki,
jina.
Umbali mfupi namna ile,
na miaka thelathini havijakutana.

Akakiondoa. Sahani ikapanda
kama bega lililotuliwa mzigo.
Akatia konzi moja, akatia ya pili.
"Imezidi," mama akasema.
"Ni zawadi, mama. Chukua."
Naye akamwombea heri, yeye na wanawe,
akaondoka na mali yake mwenyewe
akidhani ametunukiwa.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi.
Wizi alikwisha uzoea;
zile shukrani hakuwa na pa kuziweka.
Alilala mkono wa kulia nje ya blanketi
kama kitu alichosahau mgeni.
Wanasema jina jema hung'ara gizani.
La Wanis halikung'aa.
Liliwasha.

Mwezi wa nane wakapanga foleni kule kule, nje ya ukuta,
yeye na binti yake Yustina.
Sindano mpya. Betri pengine ile ile.
"Baba, itauma?"
Akataka kusema hapana,
akakumbuka lile neno zawadi.
"Sindano itauma leo tu."
"Na baada ya leo?"

Foleni ikasogea.
Akampa kidole gumba akishike.